Miguu Yangu Mbele ya Akina Mama

Nilichaguliwa kwa sababu sikuwa mtoto wa kulia. Watoto wengine walioletwa kwenye darasa lile walipiga kelele mara tu walipolazwa mezani, na Madamu, Mbelgiji aliyekuwa akiwafundisha mama zetu, hakuweza kuonyesha lolote juu ya mtoto anayejipinda na kurusha mikono. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa na nilikwisha jifunza kwamba mtu akinyamaza, mambo hupita upesi. Basi Madamu akanigusa bega kwa kidole akasema, "Huyu iko na akili." Tangu siku hiyo miguu yangu ikawa ndiyo ya kufundishia.

Homa ilinipata nikiwa mdogo sana, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pembeni mwa mji uliokuwa bado unaitwa Elisabethville. Baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Yeye na mama walitoka kaskazini mwa Katanga, wote Wakatoliki, na nyumba yetu ya matofali yenye vyumba viwili ilifanana na nyumba zote za mstari wetu. Homa ilipoondoka, iliondoka na nguvu za miguu yangu yote miwili. Ilibaki miembamba. Wa kushoto ulijikunja gotini usikubali kunyooka, na wa kulia wayo ulielekea chini kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Ndani ya nyumba nilitambaa. Nje, mama alinibeba mgongoni na kunifunika kwa kikwembe, kitenge chake, kuanzia kiunoni hadi chini ya vidole, hata katika joto la Oktoba, mvua zinapokuwa bado hazijaja na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Kulikuwa na watu waliotuuliza njiani, "Mama, mutoto mukubwa vile, unamubebea nini?"

"Iko na homa," mama alijibu.

Nilikuwa na homa kwa miaka yote hiyo.

Baba alinipenda, hilo sina shaka nalo. Alinichongea vitu vya mbao, akanifundisha kusoma kwa magazeti ya kanisa. Lakini wenzake wa kazini walipokuja kunywa pombe ya mahindi Jumapili, mimi sikuonekana sebuleni. Hakuna aliyeniamuru niondoke. Nilisikia sauti zao mlangoni, nikaanza mwenyewe kutambaa kuelekea chumba cha kulala, na baba akangoja kidogo kabla ya kusema, "Karibuni."

Madamu alitukuta hivyo hivyo, siku moja isiyokuwa na mgeni wa kutarajiwa. Katika kambi palikuwa na fwaye, nyumba ambako akina mama walifundishwa kushona, kupiga nguo pasi na kuogesha watoto wachanga. Yeye alikuwa ameanzisha darasa jingine la mchana, la mama wenye watoto wasiotembea au wasiosema. Mama alikuwa amesikia habari za darasa hilo na hakwenda. Sasa Madamu alisimama mlangoni, na mimi nilikuwa katikati ya sakafu, magoti meusi kwa masizi, nikivuta sufuria ya sombe, mboga ya kisamvu, kutoka jikoni.

Mama alinirukia kana kwamba nimeshika moto. Alinifunika kwa kitambaa cha meza.

"Madamu, iko napona. Polepole, lakini iko napona."

Madamu alipiga magoti, akakiinua kile kitambaa, akaushika wayo wangu na kuuzungusha. Hakuniambia neno. Kisha akamtazama mama.

"Hii haiponi peke yake, mama. Wewe lete mutoto. Sisi tutafundisha wewe."

Mama alipomsindikiza hadi barabarani, majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao wanatazama. Alirudi akakaa kwenye kigoda. Aliona haya kwamba nimeonekana. Mimi niliona haya kwamba alikuwa ameona haya, na nilijua kwamba chanzo chake ni mimi.

Meza ya fwaye ilikuwa ile ile ya kukatia vitambaa. Juu yake palitandikwa blanketi la kijivu. Madamu alimwambia mama anivue, na mama akanivua, akabakiza chupi tu, na chupi yangu ilishonwa kwa mfuko wa unga ambao maandishi yake hayakuwa yamekubali kutoka hata kwa sabuni kali. Nilijua kusoma. Nilijua kila mama aliyeizunguka meza ile, anayejua kusoma na asiyejua, anaona maandishi ya mfuko wa unga kwenye makalio yangu.

"Regardez bien," Madamu alisema, kisha akarudia kwa Kiswahili. "Mutazame. Mukono moja hapa, mukono moja hapa. Polepole."

Kisha walikuja mmoja baada ya mwingine. Kila mama aliushika mguu wangu akajaribu kuusukuma wayo urudi juu, kulinyoosha goti, kuuzungusha mfupa wa nyonga. Wengine walikuwa na mikono ya baridi kutoka kwenye maji ya kufulia. Wengine walinifinya kwanza, wakitazama uso wangu kama nitashtuka. Watu wengi hawakujua kwamba ugonjwa ule huchukua nguvu tu, hauchukui hisia. Nilisikia kila kucha. Nilitazama dari nikahesabu mbao zake.

Mkubwa kati ya mama wale, kwa umbo na kwa sauti, alitoka jimbo la Kasai. Mumewe alikuwa karani wa duka mjini. Binti yao, aliyenizidi umri kidogo, hakuweza kushika shingo yake wala kutamka neno, na mama yake alimleta kwenye kigari cha mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia mbele karibu kugusa chini. Tulimwita Mama wa Kasai. Alisema na kila mtu, alishika kila kitu, hakuogopa hata Madamu. Siku moja, mikono yake ikiwa kwenye mapaja yangu, aliwauliza wenzake kana kwamba simsikii:

"Na hapa juu kidogo, iko sawa? Ataolewa huyu?"

Wakacheka, kile kicheko cha chini cha wanawake walio peke yao. Mama naye alicheka. Alicheka akitazama sakafu, na mimi nilitazama dari, tukawa hatukutazamana mpaka tulipofika nyumbani.

Lazima niseme pia kwamba darasa lilinisaidia. Mama alijifunza kunikanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, kunilaza kifudifudi ili nyonga zisijifunge, kulinyoosha goti bila haraka. Baada ya miezi kadhaa goti la kushoto lilifunguka kiasi cha mimi kukaa kitini kama watu. Baba alilishika goti lile akalikunja na kulinyoosha mara nyingi, akicheka peke yake. Nililipenda goti langu. Meza niliichukia. Sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na nchi, likawa na serikali yake. Bendera mpya ikapandishwa, yenye misalaba midogo, na watoto wa shule walipita barabarani wakiimba. Mwanzoni kwetu halikuwa jambo. Baba aliendelea na zamu zake. Lakini taratibu watu wakaanza kuulizana wametoka wapi, swali ambalo katika kambi yetu lilikuwa likiulizwa kwa mzaha tu, na sasa halikuwa na mzaha. Watu wa Kasai wakaitwa wageni. Sisi wa kaskazini tukaitwa maadui, kwa kuwa ndugu zetu huko walikuwa wameikataa serikali mpya.

Niliiona habari hiyo kwenye meza ya fwaye kabla ya kuisikia kwa maneno. Mama mmoja wa kusini, mwenye mtoto mdogo kiziwi, alikuwa na mikono laini kuliko wote. Siku moja zamu yake ilipofika, alisema atatazama tu. Wiki iliyofuata vile vile. Nilishukuru kwamba mikono imepungua. Halafu nikamwona akijifuta kiganja kwenye kikwembe chake baada ya kuugusa ukingo wa meza nilipolala, nikaelewa. Nilikuwa nimeizoea haya ya miguu. Hii nyingine ilinishinda, kwa sababu sikuwa na kiungo cha kufunika ili iishe.

Madamu aliondoka bila kuaga, gari lake limejaa masanduku, kuelekea mpaka wa Rhodesia. Fwaye ikafungwa. Muda si mrefu baadaye baba alirudishwa kutoka lango la kazi na watu waliokuwa wanafanya kazi naye, na mmoja wao alikuwa akinywa pombe kwetu Jumapili. Mchana huo huo mawe yalianza kuanguka juu ya bati. Baba na mama walitoka na godoro, sufuria na mimi. Mama alinibeba katikati ya barabara kuu ya kambi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto mkubwa anabebwa.

Tulikwenda mahali ambako maelfu ya watu wa Kasai na wa kaskazini walikuwa wamekimbilia, uwanda wa pembeni mwa mji uliolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Watu walijenga kwa matawi, magunia, mabati, milango iliyong'olewa. Hata miti iliyokuwepo ilikwisha kwa kukatiwa kuni. Tulisikia milio ya bunduki kutoka mjini, na ndege zikipita chini kuelekea uwanja wa Luano. Hayo wengine wameyaeleza. Mimi ninayokumbuka zaidi ni mtaro.

Choo cha wanawake kilikuwa mtaro mrefu wenye mbao mbili za kukanyagia. Mtu alichuchumaa hapo mbele ya wenzake wanaongoja. Mimi sikuweza kuchuchumaa. Mama alisimama nyuma yangu, akapitisha mikono chini ya mapaja yangu, akaniinua kama anavyoinuliwa mtoto mchanga anapokojozwa, nguo zangu zimepandishwa hadi kifuani, na mstari wote wa wanawake na wasichana unatutazama. Mikono ya mama ilitetemeka kwa uzito. Nyuma yetu kulikuwa na mtu aliyesema, "Fanyeni haraka." Nilikuwa naelekea miaka kumi na moja.

Kwa hiyo niliacha kunywa maji. Nililowesha midomo tu. Ulimi ukawa mzito, nikapata maumivu kiunoni, mkojo ukiwa mchache na unaochoma. Mama alidhani ni malaria.

Mama wa Kasai ndiye aliyetukuta. Alikuwa na binti yake ndani ya kigari kile kile, gurudumu moja likiwa limefungwa kwa waya. Walipokwisha kukumbatiana na kulia, alinitazama.

"Hii mutoto hanywake maji. Juu ya nini?"

"Sijue," mama alisema. "Tangu tulifika hapa, anakataa tu."

Mimi nilijua, na sikusema.

Alianzisha tena darasa. Alizunguka vibanda akiuliza wazi, bila kupunguza sauti, nani ana mtoto asiyetembea, asiyesema, anayeanguka kifafa. Walikuwepo wengi kuliko kule fwaye, kwa sababu nyumba zilizowaficha hazikuwepo tena. Walikutana nyuma ya banda la kugawia unga, juu ya mikeka. Aliwafundisha aliyofundishwa na Madamu na mengine aliyoyajua mwenyewe: kumlisha mtoto akiwa ameketi, kidevu kikishuka kidogo, si kumlaza na kummiminia uji asije akapaliwa, kumgeuza mtoto asiyejigeuza ili ngozi isioze. Nilimwona mama mmoja akilia alipoona mtoto wake amemeza bila kukohoa. Ilikuwa kazi nzuri. Na kila mara ilipohitajika miguu, ilichukuliwa yangu.

Huko hapakuwa na ukuta. Watu waliokosa la kufanya walikuja kutazama, wanaume nao, mikono nyuma, kama wanaotazama fundi akifungua baiskeli.

Siku moja Mama wa Kasai alisema mama wengi wanaumia mgongo kule mtaroni, basi atawaonyesha namna ya kumshika mtoto mkubwa. "Tutaonyesha na huyu," alisema, na mkono wake ulikuwa umekwisha inua gauni langu. Nilimtazama mama. Mama alitazama mkeka. Mama wa Kasai alikaa nyuma yangu, akashika mapaja yangu, akayafungua, akaniinua kuelekea walipokaa watu.

Nikamng'ata. Nilimng'ata mkono chini ya kiwiko na sikuachia mpaka nilipoonja damu.

Alipiga ukelele akaniangusha. Mama aliruka akanipiga kofi, na jingine.

"Unatupatisha haya! Mbele ya bantu bote!"

"Haya iko yangu, mama!" nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Haya iko yangu, haiko yako!"

Mwanamume mmoja nyuma alicheka, na Mama wa Kasai akageuka, damu ikimtiririka mkononi, akawafukuza wanaume wote kwa matusi ya Kiluba, lugha ya kwao, ambayo sijayasikia tena. Kisha akakaa chini mbele yangu. Alihema. Mimi nilikuwa nimevuta gauni hadi kwenye vifundo vya miguu na kulishika kwa mikono miwili.

"Maji," alisema taratibu. "Haunywake maji juu ya ule mutaro?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakuendelea na darasa. Mama alinibeba hadi kibandani kwetu, akanilaza, akaenda kukaa nje na mgongo wake kwangu. Jua lilipoanza kushuka, alisema bila kugeuka:

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Nilisikia akivuta kamasi. Sikuweza kujua kama analia kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kofi, au kwa sababu kesho watu wote wa kambi watakuwa wamesikia. Huenda ni yote. Sisi wawili hatukuwahi kulizungumza tena kofi lile, na yeye amekwisha kufa.

Baada ya siku chache Mama wa Kasai alikuja na mkono umefungwa kitambaa. Chini ya kwapa alibeba kasha la mbao la makopo ya askari, lililotobolewa tundu katikati na kusuguliwa kingo kwa jiwe. Yeye na mama waliliweka mwisho wa mtaro, wakazungushia magunia. Siku ile nilikunywa maji vikombe viwili mfululizo, nikatapika kimoja.

Darasani alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alilala yeye mwenyewe mkekani, mwili wake mkubwa wote, akapandisha kikwembe hadi magotini.

"Leo mutanyoosha ya kwangu."

Walichekacheka. Hakuna aliyetaka kushika mguu wa mama mzima mbele ya wenzake. Mwishowe mmoja alijitokeza akamshika kifundo, naye Mama wa Kasai akashtuka na kushusha nguo yake upesi, na nikaona uso wake: alikuwa ameona haya. Si mzaha. Alikaa akakirekebisha kilemba.

"Mikono yako iko baridi," alimwambia yule mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akanigeukia. "Weye unajua kupita sisi bote. Tuambie mahali pa kushika."

Sikutaka kusema. Nilisema kidogo tu: chini ya kisigino, si kwenye vidole. Pasha mikono moto kwanza. Mwambie mtoto kabla hujamgusa. Mama mmoja aliuliza, "Hata kama haelewi?" Mama wa Kasai alimtazama binti yake kwenye kigari. Alichukua bakuli la uji, akainua kijiko, na badala ya kumsogezea mdomoni akamwuliza kwa Kiluba kama bado anataka. Akangoja. Binti alifumba macho, akayafumba kwa nguvu, kama anayekataa. Mama yake alirudisha kijiko bakulini. Akauliza tena, na binti akafumba macho tena. Mwanamke yule aliyezungumza na kambi nzima alikaa pale na bakuli mapajani kwa muda mrefu, bila kututazama, na akina mama wengine wakajishughulisha na watoto wao ili wasimwone.

Mama wa Kasai na binti yake waliondoka kabla yetu. Watu wa Kasai walikuwa wakirudishwa kwao kwa makundi, na kundi lao lilipelekwa Luano kupanda ndege. Kigari hakikuruhusiwa. Mama wa Kasai alimbeba binti yake begani, na kwenye mkono ulioshika mgongo wake niliiona alama ya meno yangu, imepona vibaya. Alinipungia kwa mkono mwingine. Hatukupata habari zao tena.

Kujitenga kulipokwisha, nyumba yetu ya kambi ilikuwa na watu wengine, na baba hakurudishwa kazini. Tulikwenda kijiji cha Kasungami, akalima mahindi na viazi vitamu. Baadaye hospitali moja ya misheni ilinipa vyuma vya miguu na magongo, nikasimama. Mara moja tu baba aliniita nije kukaa na wageni wake. Nilikataa. Nilikuwa nimekizoea chumba.

Akina mama wenye watoto wasiotembea walianza kuja kwetu, wachache, wakielekezana. Mama yangu aliwaonyesha kwa watoto wao wenyewe, na mimi niliketi pembeni nikisema panapouma. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote, na watu wakidhani niliifanya kwa ujasiri. Sijawahi kuwa na ujasiri huo. Hadi leo navaa gauni refu hata kwenye joto.

Wakati mmoja, nilipokuwa msichana mkubwa, alikuja mama kijana kutoka Kambove na mtoto wa miaka miwili aliyepatwa na homa kama yangu. Alitazama vyuma vyangu vilivyochungulia chini ya gauni.

"Yaya," alisema, kama anayeita dada yake mkubwa, "naweza kuona miguu yako? Nipate kujua ya mwanangu itakuwa namna gani."

Mama yangu alinitazama haraka. Haya ile ile ya mezani ilinirudia.

"Hapana," nilisema.

"Sawa, yaya," alisema yule mama. "Basi unielezee tu."

Nikamweleza. Kisha tukapasha mikono moto, tukamwambia mtoto, tukamlaza kifudifudi juu ya mkeka.